Aliyezifua Ovaroli za Bwire

Umoja, 12 Februari 1996

Kwako Mama Mulama,

Pokea salamu zangu kutoka huku Umoja. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Njiru, na kile kifua kilichokubana siku ya matanga kimelegea. Sisi tu wazima. Vivian yuko darasa la saba na amenipita kimo.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Bwire mwaka juzi hatujasemezana, na wala nisingeandika kama si lazima. Barua hii nampa Matheka, yule dereva wa lori la mawe, maana hupita hapo kwako kila asubuhi akienda machimboni.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata wakili anayeitwa Maingi. Anasema mume wetu aliuawa na vumbi la yale mapaa ya asbesto aliyokuwa akiyakata kwa msumeno kiwandani. Tayari amekiandikia kiwanda, nacho kimejibu ati Bwire alijiua mwenyewe kwa sigara. Sasa Maingi anataka kuwaziba midomo. Anasema vumbi lile huingia nyumbani kwa nguo za kazi, na kumkaa kifuani hata yule anayezifua. Akipatikana mtu ambaye hajavuta sigara wala kukanyaga kiwandani, na kifua chake kina ugonjwa ule ule, kiwanda hakitakuwa na la kusema.

Kwa hivyo mke aliyekuwa akimfulia anatakiwa kupigwa picha ya kifua. Nimejitolea mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye siku zote za kazi. Wewe sitaki kukuhangaisha na safari za mjini. Mpe Matheka cheti cha kifo tu, najua kiko sandukuni mwako.

Wako katika huzuni moja,
Mke mwenzako, Mama Vivian


Njiru, 15 Februari 1996

Mama Vivian,

Salamu zimefika. Watoto hawajambo, mimi sijambo, kifua ni kile kile. Adabu imeishia hapo, sasa tuseme.

Wewe ulimfulia Bwire lini? Nitajie siku moja tu, wee mwanamke, moja!

Umesahau au unajisahaulisha? Bwire alipokuleta, mimi sikulia wala sikurudi kwa baba yangu. Niliwaambia wazee neno moja: ale popote, alale anakolala, lakini nguo za kazi za mume wangu nitazifua mimi hadi nife. Maana kwetu, mwanamke anayeanika suruali ya mwanamume kwenye kamba yake ndiye mwenye huyo mwanamume. Wengine ni wageni waliokaribishwa chakula. Wazee walikubali na Bwire akakubali, na wewe ulikuwa umekaa pale pale umeinamisha uso kama bibi harusi.

Kila Jumamosi alinijia na gunia. Alikuwa akizivua ovaroli kiwandani, anazitia gunia, analifunga kamba, na halifunguliwi mpaka lifike mikononi mwangu. Nilikuwa nikizikung'uta kwanza pale kwenye ua, vumbi linapanda kama uko ndani ya posho mill ya kusaga unga, mpaka nyusi zangu zinakuwa nyeupe na Mulama ananicheka ati nimezeeka. Ndipo naloweka. Jumatatu anaondoka na ovaroli zilizopigwa pasi, watu wote wa barabara ya Kangundo wanaona kwamba huyu ana mke.

Wewe siku za kazi ulimpikia sukuma wiki. Asante kwa sukuma wiki.

Cheti sitoi. Mwambie huyo Maingi wako kwamba mke aliyefua yuko Njiru, na atakuja kupigwa picha kwa miguu yake mwenyewe.

Mke mkubwa,
Mama Mulama


Njiru, 11 Machi 1996

Mama Vivian,

Salamu kwako na kwa Vivian. Siulizi kama u mzima, maana Wakili Maingi ameniambia picha yako imetoka safi kama sahani ya wageni. Kumbe ulinikimbilia mbele! Ulidhani ukifika kwanza utapewa ugonjwa wa kwanza? Haya, umeona.

Sasa sikiliza yangu. Daktari aliiweka picha yangu kwenye taa akaisogelea. Akamwita mwenzake, wakanong'onezana Kizungu. Halafu akaniuliza: mama, uliwahi kufanya kazi kiwandani? Nikamwambia, hata lango lake silijui. Akauliza, nani alikuwa akifua nguo za mzee? Nikasema mimi, na sauti yangu ilisikika mpaka nje kwenye foleni. Akavua miwani. Alisema vumbi limeganda pande zote mbili za mapafu yangu kama ukoko wa ugali sufuriani, na dawa ya kuukwangua haipo. Kilichobaki ni kupunguza maumivu.

Alinihurumia sana yule kijana. Usinihurumie wewe. Mimi nilitoka pale nimeinua kichwa, Triza. Sasa kitabu kimefungwa, hakuna wa kubisha. Kilichomuua Bwire kiko kwangu. Wewe una nini chake? Una kitanda na redio.

Maingi anasema kesi imepata miguu.

Mke mkubwa, na sasa hata daktari anajua,
Mama Mulama


Umoja, 17 Machi 1996

Kwako Mama Mulama,

Pole. Naanza na pole kwa sababu mama yangu alinifunza hivyo, na kwa sababu nimesoma mambo ya mapafu yako. Natumaini unakula. Natumaini umeanza dawa.

Sasa nitakuambia ukweli mwingine, ukipenda ucheke. Daktari aliponiambia kifua changu ni kama cha msichana, mwingine angepiga magoti amshukuru Mungu. Mimi nililia. Nililia pale kwenye benchi mpaka muuguzi akaja mbio akidhani nimeambiwa nina saratani. Nikajiona mjinga, lakini machozi hayakukoma. Nilimpikia Bwire. Nilimkanda mgongo. Aliposhindwa kuinua mkono ni mimi niliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Kisha hata chembe moja ya vumbi lake hakuniachia! Yote akupe wewe! Jamani, ulimfanyia nini?

Unaringa kwa kamba yako ya nguo. Unajua yangu ilinitesa namna gani? Akina mama wa hapa plotini walikuwa wakiniuliza, Mama Vivian, kwani mzee wako huvaa majani? Maana kwenye kamba yangu palikuwa na nepi na leso tu. Nikachoka. Nikawaambia ovaroli nazifua mimi na kuzianika ndani kwa ajili ya wezi. Wakaamini. Kuanzia siku hiyo nilitembea Umoja kama mke wa mtu.

Naujua ule msemo, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nimekonda, Mama Mulama. Umeshinda. Nenda hospitali, usingoje kesi.

Mdogo wako,
Mama Vivian


Njiru, 2 Septemba 1996

Mama Vivian,

Salamu. Habari za siku nyingi. Hali yangu si ya kuulizwa. Nikitoka mlangoni hadi bombani lazima nikae kwanza ndipo nichote. Mulama ndiye anayepika.

Naandika kwa sababu umeniharibia, na umeniharibia vibaya.

Maingi alikuja jana. Wakili wa kiwanda alidai aonyeshwe na picha yako pia, akaipata. Kisha akatuma mtu Umoja, akawakuta wale akina mama wako wa plotini, na watatu wako tayari kuapa kwamba Mama Vivian alikuwa akifua ovaroli za mumewe na kuzianika ndani. Unaona mtego? Atamwambia jaji: hapa pana wake wawili waliofua vumbi moja. Mmoja anakohoa, mwingine mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Basi si vumbi, huyo mama ana ugonjwa wake mwingine, na mzee ni sigara. Maingi anasema hilo likisimama, kesi imelala.

Njia ya mwongo fupi, Triza, lakini yako imepita katikati ya kifua changu. Sasa utasimama mahakamani mbele ya hao hao wanawake useme hukufua hata soksi moja ya Bwire. Useme kwa kinywa chako mwenyewe. Kesi ikianguka mimi sina dawa, na watoto wa Bwire, wako na wangu, hawana shule. Hilo unalielewa hata kama hulipendi.

Mke mkubwa,
Mama Mulama


Umoja, 9 Septemba 1996

Kwako Mama Mulama,

Salamu, na pole kwa kifua. Nimekutumia asali kwa Matheka, uilambe na ndimu.

Ulichoniomba siwezi. Wewe hukai Umoja. Wale wanawake naimba nao kwaya, nateka maji nao, watoto wetu wanalala nyumba za kila mmoja. Unataka nisimame mbele yao nitangaze kwamba kwa miaka yote ile mume wangu hakuniachia hata kitambaa chake cha jasho? Watanicheka mpaka nizikwe. Hicho ndicho ulichokuwa ukikingoja, na sasa Mungu amekuletea kwenye sinia.

Na tena nikishasema sikufua, yule wakili ataniuliza ni kwa nini. Swali hilo sitaki kulijibu. Usiniulize zaidi.

Mdogo wako,
Mama Vivian


Umoja, 20 Oktoba 1996

Kwako Mama Mulama,

Salamu nyingi. Hukunijibu ile barua, na Matheka ameniambia alikukuta umekaa sakafuni umeegemea ukuta ukivuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Nimelala na picha hiyo wiki nzima.

Basi nimekubali. Nitasimama tarehe nne Novemba. Nitasema sikufua, na nikiulizwa kwa nini nitajibu, maana Maingi nimemweleza jibu langu akaruka kitini. Anasema ndilo litakalotushindia.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usije mahakamani siku hiyo. Wewe picha yako inatosha. Baki Njiru, mwambie Maingi kifua kimekaza. Nakuomba kwa jina la Mungu, Dada, usije.

Mdogo wako,
Mama Vivian


Njiru, 24 Oktoba 1996

Mama Vivian,

Salamu. Asali ilikuwa tamu, asante.

Ati nisije! Nimecheka mpaka nikakohoa damu kidogo, lakini ilikuwa damu ya furaha. Nitakuja hata kama ni kwa mkokoteni. Matheka ameshakubali kunibeba mbele kwenye lori. Nimeshonesha kitenge kipya chenye mabega ya kupanda, na nitakaa benchi la mbele kabisa ili usikose kuniona. Tangu uje nangoja kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwako, halafu siku yenyewe unaniambia nikae Njiru nihesabu kuku?

Usiogope sana. Kicheko nitakizuia mpaka tufike nje.

Mke mkubwa,
Mama Mulama


Umoja, 5 Novemba 1996

Kwako Dada Nabiswa,

Sijui niandike salamu gani. Jana nilikutafuta pale nje ya mahakama mpaka jioni. Maingi alisema uliinuka ningali nasema. Matheka anasema alikurudisha Njiru. Nilikusihi usije.

Naandika hapa nilichosema, ili usibaki na vipande vipande. Wakili wa kiwanda aliniuliza, kama wewe ni mke, kwa nini hukumfulia mumeo? Nikajibu kwamba nilijaribu mara moja tu. Vivian alikuwa bado ananyonya. Akina mama walikuwa wamenichokoza asubuhi hiyo, nikafungua gunia lililokuwa kwangu likingoja Jumamosi, nikatoa ovaroli moja. Kabla sijaitia majini Bwire akaingia. Aliipiga teke beseni, akanifokea, na hakuwahi kunifokea kabla wala baada ya hapo. Akasema: Triza, hizi usiziguse! Msimamizi ametuambia vumbi hili ni sumu, tusilikaribishe kwa watoto. Akanawa, akalifunga gunia.

Hata wale wanawake wa kwaya hawakucheka. Maingi akamwambia jaji kwamba kiwanda kilijua tangu wakati huo, kikawaacha watu wabebe sumu hadi nyumbani kwao. Yule wakili mwingine akaketi.

Kuna jambo sikulisema pale, nakuambia wewe. Nilimuuliza Bwire, na Mama Mulama je? Akasema, huyo nikimnyima nguo atasema nimezihamishia kwako, ataita wazee. Nami nikanyamaza. Ningekuambia nini, Dada? Usifue? Ungesema naitaka kamba yako. Na ni kweli nilikuwa naitaka.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Triza


Umoja, 21 Februari 1997

Kwako Dada,

Salamu. Matheka amerudi mikono mitupu kila mara, lakini ananiambia barua zangu unazipokea na kuzisoma. Hilo linanitosha.

Tumeshinda. Jaji amesema kiwanda kilijua na kikanyamaza. Kitakulipa wewe kwa ugonjwa wako, na kitawalipa watoto wote kwa kifo cha baba yao. Maingi alikuwa akifuta macho. Nilitaka uwe pale, halafu nikafurahi kwamba hukuwa pale.

Nataka kuja Njiru. Sema neno moja tu, nitakuja hata leo.

Mdogo wako,
Triza


Njiru, 3 Machi 1997

Triza,

Salamu kwako na kwa Vivian. Huandika sijambo mwenye pumzi ya kuidanganya kalamu, mimi yangu imebaki kidogo. Maneno haya ananiandikia Mulama, nami namwambia asiruke hata moja.

Usije kuomba msamaha. Sina hasira nawe, na mimi mwenyewe nashangaa zimekwenda wapi.

Nimekumbuka vizuri. Mwaka ule ule aliopiga teke beseni yako, Bwire alikuja hapa Jumamosi bila gunia. Akasema, Mama Mulama, wacha hizi nguo, tutazifulia kiwandani. Nikamwambia ni Triza amekutuma. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja, nikaita wazee, wakamkalisha kitako pale uani. Akaulizwa, una sababu gani ya kumnyang'anya mke mkubwa kazi yake? Akasema hana. Wiki iliyofuata akaja na gunia.

Hana! Neno alilotakiwa kusema ni sumu. Ni neno fupi, Triza, mtoto mdogo anaweza kulitamka. Kwako alilitamka tena kwa kufoka. Kwangu aliona heri nife kuliko agombane nami jioni moja. Na mimi nilikuwa namkung'utia vumbi lile Mulama akiwa mgongoni. Vivian wako na Mulama wangu walizaliwa mwaka mmoja.

Nilikuonea wivu kwa kitanda, nikakuonea wivu kwa redio. Hivyo vyote si kitu. Sasa nakuonea wivu kwa lile teke. Natamani angekuja hapa akaimwaga beseni yangu, akanitukana mbele ya watu, akaniita mchawi.

Mulama anapigwa picha ya kifua Jumatatu. Ngazi za pale siwezi tena. Nenda naye wewe, umshike mkono, kisha uje uniambie kweli yote hata kama nitakuwa nimelala.

Jambo la mwisho. Unajua kwetu mke mkubwa huzikwa upande wa kulia wa mumewe, na mahali pangu pale nyumbani kwa Bwire pameachwa. Nimewaita wazee nikawaambia hawatanipeleka huko. Nitazikwa kwa baba yangu, mzee Lusweti, hata kama haijawahi kufanywa. Wamesema nawaaibisha. Nimewaambia waende wakamuulize Bwire kama ana sababu.

Pale kando yake patakuwa pako. Pachukue, Triza, ukilale kitanda chake na huko pia. Mimi simtaki tena.

Nabiswa, binti ya Lusweti